Gauni la Versailles Halina Fundi Mmoja

Katika makumbusho ya Victoria and Albert jijini London kuna gauni la kuingilia mbele ya mfalme, lililoshonwa kati ya 1740 na 1745. Hariri yake ni nyekundu, na juu yake umetandaa mti mkubwa uliotariziwa kwa nyuzi za fedha zenye uzito unaokaribia kilo 4.5. Kwenye mkia wa gauni hilo kuna maandishi mafupi: mtu aitwaye Magd. Giles anakiri kupokea kutoka kwa Madame Leconte. Basi. Leconte ni jina linalohusishwa na watarizi Waprotestanti wenye asili ya Ufaransa waliokuwa wakifanya kazi London wakati huo.

Watu wanaponijia wakitaka kushona kwa pamoja mavazi ya kifalme ya karne ya 18, huwaeleza habari za maandishi hayo kabla hatujagusa futi wala mkasi. Kazi ilitoka mkono mmoja ikaingia mwingine, na aliyepokea akaweka alama yake kama mtu anayesaini kupokea mzigo. Vikundi vya namna hii viko vingi Ulaya. Wengine hushona kwa ajili ya jukwaa la opera, wengine kwa kanivali ya Venice, wengine kwa usiku wa mavazi ya kale unaofanyika katika kasri lenyewe la Versailles. Vingi hukwama mahali pamoja. Kila mtu huchukua gauni lake, huenda nalo nyumbani, na baada ya miezi mitatu wanarudi na magauni nusu nusu, moja halina mikono, lingine limeishia kiunoni. Wamegawana watu badala ya kugawana kazi.

Paris ya zamani iligawana kazi, tena kwa sheria. Mpaka 1675 haki ya kushona nguo rasmi, za kiume na za kike, ilikuwa ya chama cha washonaji wanaume. Mwaka huo, chini ya Louis XIV, washonaji wanawake, couturières, wakaruhusiwa kuwa na chama chao. Wakapata nguo karibu zote za wanawake na watoto, ila walizuiwa bodisi ngumu na mkia wa grand habit, lile vazi rasmi la Versailles. Hivyo vikabaki kwa wanaume, ambao michoro ya Encyclopédie ya Diderot inawaonyesha wameketi juu ya meza, miguu wameikunja, karibu na dirisha ili wapate mwanga. Hariri ilifumwa Lyon. Utarizi ulikuwa na mafundi wake. Na kuremba, yaani lesi, tepe na maua, kulikuwa mikononi mwa marchandes de modes, ambao 1776 nao walipata chama, kiongozi wao wa kwanza akiwa Rose Bertin, mwenye duka la Le Grand Mogol katika mtaa wa Saint-Honoré, aliyemvisha Malkia Marie Antoinette. Vazi moja, vyama kadhaa. Mshonaji ambaye leo anataka kufanya yote hayo peke yake chumbani anajitwika kazi ambayo Paris haikumpa mtu mmoja.

Kuna sababu nyingine, na hii ni ya mwili. Gauni la aina hii hujengwa kuanzia ndani kwenda nje. Kwanza shumizi ya kitani. Juu yake korseti, iliyojaa vijiti vilivyokatwa kwenye mabamba ya kinywani mwa nyangumi. Halafu panier, neno la Kifaransa lenye maana ya kapu, kiunzi kinachotanua nyonga; kwenye mavazi rasmi ya katikati ya karne kiliweza kupita mita 1.5 kutoka upande hadi upande. Halafu sketi za ndani. Ndipo lije gauni. Korseti huinua kifua, hurudisha mabega nyuma na kuufanya mwili kuwa na umbo la koni, kwa hiyo vipimo vya mtu aliyevaa fulana havisaidii kitu. Umbo atakaloshonewa bado halijapatikana.

Hili tulilijua kwa hasara. Katika kikundi cha watu tisa niliokuwa nawasimamia, dada mmoja mwenye haraka alijipima mwenyewe, akakata tafeta ya bei kali kabla korseti yake haijakamilika. Siku ya kujaribu, kifua kilikuwa kimepanda, na bodisi ikawa fupi mbele kwa vidole viwili. Alikaa kwenye kiti akalia, na sikumlaumu. Tuliunga kipande cha tafeta ileile mahali ambapo kidari, kile kipande cha pembetatu cha kifuani, kingekifunika. Washonaji wa zamani wangetuelewa. Nguo nyingi za karne ile zilizohifadhiwa zina viungio vya namna hiyo kwapani na kwenye mikunjo, kwa kuwa hariri ilifumwa kwa upana wa nusu mita na kitu tu, na hakuna aliyetupa kipande.

Tangu siku hiyo nina sharti moja: hakuna hariri inayokatwa mpaka korseti zote ziwe zimekwisha, na kila bodisi ikatwe kwanza kwa amerikani. Kitambaa hiki bibi zetu wa pwani wanakifahamu. Kililetwa Zanzibar katika karne ya 19 na meli za wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, na jina likabaki nacho. Kwa majaribio hakina mpinzani, maana hakivutiki, hakitelezi, na ukikosea huumii moyo.

Korseti ndipo kikundi kinapojifunza kukaa pamoja. Moja inaweza kuwa na mifereji mingi ya vijiti, na kila mfereji una mistari miwili ya mshono wa kurudi nyuma, mishono minne au mitano kwa kila sentimita, kwa uzi wa kitani uliopakwa nta. Vidole vinauma hata ukivaa kastabini. Mtu akiwa peke yake huchoka mfereji wa kumi. Watu wanne wakizunguka meza moja, huku mmoja akisoma kitabu kwa sauti, hufika mwisho. Siku hizi nyangumi tunawaacha baharini. Tunatumia vijiti vya plastiki vilivyotengenezwa kwa ajili hiyo, au vile vifungo vipana vya plastiki vya kukazia nyaya, ambavyo hupinda karibu sawa na vya asili na bei yake ni ndogo.

Je, cherehani? Haikuwapo. Hati ya hataza ya cherehani ya Barthélemy Thimonnier huko Ufaransa ilitolewa 1830. Msimamo wangu ni kwamba panier na sketi za ndani zishonwe kwa mashine bila kuona haya, ili nguvu ya mikono ibaki kwa sehemu zinazoonekana. Mshono wa mashine kwenye hariri ya nje hukaza kitambaa na kukifanya kisimame kama ubao. Wa mkono hukiacha kipumue. Tena mishono mirefu ya sketi za nje washonaji wa zamani hawakuibana hata kidogo. Ilikuwa mirefu mithili ya bandi zetu. Kitambaa kilikuwa ghali kuliko kazi ya mshonaji, kwa hiyo gauni lilishonwa likitarajia kufumuliwa na kushonwa upya mitindo itakapobadilika. Kwenye magauni ya makumbusho bado unaweza kuona matundu ya sindano ya mshono wa kwanza.

Sasa mgongo. Robe à la française, yaani gauni la mtindo wa Kifaransa, hutambulika kwa marinda mapana yanayoanzia shingoni na kuanguka mpaka sakafuni bila kukatwa. Bitana ndiyo inayobana mwili, nayo ina kamba za kukazia katikati ya mgongo. Hariri ya juu inaelea. Mvaaji husimama wima, korseti imefungwa, panier kiunoni. Fundi yuko nyuma yake na pini mdomoni, ingawa hilo la mdomoni nimekuwa nikilikataza. Anabandika upana wa hariri kwenye bitana shingoni, anakunja rinda la kwanza kuelekea kwenye uti wa mgongo, anaweka pini, anarudi nyuma hatua tatu, anatazama. Rinda likiegemea upande kwa unene wa ukucha, huku chini mkia utakuwa umepotoka kwa kiganja kizima. Anatoa pini, anaanza tena. Mwenye gauni haoni kitu. Anasikia tu kitambaa kikivutwa na pumzi ya mwenzake shingoni. Hakuna kioo kitakachomfanya afanye kazi hii mwenyewe. Nimeshuhudia saa mbili zikipita kwa marinda manne, na zile saa mbili ndizo zinazofanya gauni liitwe la kifalme.

Sketi nayo ina siri yake. Sisi tumezoea kusawazisha urefu chini, kwenye pindo. Washonaji wa zamani waliusawazisha juu, kiunoni, kwa kukunja zaidi au kupunguza mahali panier inaponyanyua kitambaa, ili pindo na mapambo yake yabaki yamenyooka. Ukishajua hivyo, utaanza na pindo, na utarizi unaweza kuanza mapema sana.

Utarizi uanze mapema kwa kweli, kabla hata ya kukata. Watarizi wa zama hizo walichora umbo la vazi kwenye kitambaa kizima kilichotandikwa kwenye kiunzi, wakatarizi maua pale mifuko na pindo zitakapokuwa, ndipo mshonaji akakata. Makumbusho yana vizibao vya kiume vilivyotariziwa hivyo na kuachwa bila kukatwa mpaka leo. Charles-Germain de Saint-Aubin aliieleza kazi hiyo katika kitabu chake kuhusu utarizi cha 1770. Kwa kikundi, kiunzi ni baraka, kwa sababu watu watatu hukaa kwa wakati mmoja, na asiyejua huketi katikati ya wanaojua. Mwanzoni mshono wa kila mmoja hutofautiana, kama mwandiko. Nawaambia wabadilishane viti kila baada ya nusu saa, ili hitilafu zitawanyike na jicho lisikamate mahali mmoja alipoishia na mwingine alipoanza.

Vikuku vya lesi vya mikononi huja mwisho, na hushikizwa kwa mishono michache tu, maana vilikuwa vikifumuliwa ili vifuliwe. Vitaachia usiku huohuo wa kuvaliwa. Kidari nacho hufungwa kwa pini, si vifungo, na mvaaji hawezi kujivua bila msaidizi. Kwa hiyo mtu mmoja wa kikundi havai kifalme siku ya tamasha. Huvaa gauni la kawaida lenye mifuko mikubwa, na ndani ya mifuko huwa na uzi wa rangi tatu, sindano zilizokwisha kutungwa, mkasi mdogo na pini zisizopungua mia.