Si Kila Mdudu ni Adui wa Mkulima

Wenye bustani nyuma ya nyumba zao huko Tulia, katika Kitui, wanawajua sana vidukari, yaani wale wadudu wadogo wa rangi ya kijivu wanaojikusanya chini ya majani ya sukuma wiki na kufyonza utomvu wake. Watu wengi wawaonapo hukimbilia dawa ya kunyunyiza. Yafaa kwanza mtu alipindue jani na kulitazama vizuri, kwani huenda vidukari hao wamekwisha kupata adui wao.

Miongoni mwao huonekana wengine waliovimba, wenye rangi ya hudhurungi, ambao hawasogei hata wakiguswa. Hao wamekufa. Nyigu mdogo mno, asiyeweza kumwuma mtu, humdunga kidukari na kutia yai moja ndani ya mwili wake. Yai likianguliwa, funza wa nyigu hula nyama ya kidukari kutoka ndani, na ngozi iliyobaki huwa nyumba yake. Akiisha kukomaa hutoboa tundu la mviringo, akatoka na kwenda kutafuta vidukari wengine.

Atakaye kuhakikisha jambo hili na achume jani lenye vidukari waliovimba, alitie katika chupa ya kioo, na kuufunika mdomo wake kwa kitambaa chepesi. Baada ya siku kadhaa huenda akawaona nyigu wenyewe.

Mambo kama hayo hutukia pia ndani ya mabua ya mahindi. Funza wa mabua ambaye wataalamu humwita Chilo partellus si mwenyeji wa Afrika, bali alitoka Asia, na nyigu wa kienyeji hawakutosha kumzuia. Kwa hiyo wataalamu wa kituo cha icipe, Nairobi, walimleta kutoka Pakistan nyigu aitwaye Cotesia flavipes, wakamwachilia katika pwani ya Kenya mwaka 1993. Baadaye alifikishwa pia katika sehemu kavu za mashariki ya Kenya. Nyigu huyu huingia katika tundu la bua na kutaga mayai mengi ndani ya funza. Watoto wake watokapo hujifumia vifuko vyeupe, na funza hufa. Basi mkulima apasuapo bua akakuta vifuko vyeupe vilivyorundikana kama punje za mchele, asiviponde, kwani ndimo watokamo walinzi wa shamba lake.

Katika nchi ya mvua chache kama Kitui, kupoteza mazao ya msimu mmoja ni hasara kubwa. Lakini dawa kali huwaua nyigu pamoja na vidukari. Vidukari wachache waliosalia huzaana upesi kuliko nyigu, hata baada ya muda wakawa wengi kuliko kwanza, wala hakuna wa kuwapunguza.

Kwa hiyo wakulima wanashauriwa hivi: vidukari wakiwa wachache, waondolewe kwa maji au kwa vidole, na majani yenye waliovimba yaachwe. Miche michache ya giligilani iachwe ichanue, maana nyigu hunywa asali ya maua yake. Na wadudu wakizidi nguvu, aulizwe afisa wa kilimo kabla dawa yoyote haijanunuliwa.