Kadi ya 60 na Kadi ya 50

Sogeeni, watoto, niwasimulie. Huko Kama, Maniema, waliishi dada na mdogo wake wa kiume. Kompyuta yao ilichezesha gemu kwa kusuasua: mchezaji anapiga shuti, mpira unaganda hewani, ghafla uko wavuni. Wakadunduliza pesa, wakaenda Kindu kutafuta kadi ya michoro, kile kibao kinachochora picha zote mnazoziona kwenye skrini.

Muuzaji akawatolea kadi mbili kuukuu. Moja huchora picha 60 kwa sekunde, akasema, nyingine 50. Mdogo akarukia ya 60. Ninyi msingeirukia?

“Papa, tuwashie kwanza,” dada akasema.

Alijua kwamba sekunde moja ina milisekunde 1,000, akapima muda wa kila picha. Kadi ya kwanza ilichora picha 59 kwa milisekunde 15 kila moja, jumla 885. Picha ya 60 ikala milisekunde 115 zote zilizobaki. Hesabu ni kweli, picha ni 60. Lakini katika milisekunde 115 mpira unaokwenda mita 20 kwa sekunde husogea zaidi ya mita 2, na golikipa haoni kitu! Kadi ya pili ilichora kila picha kwa milisekunde 20, bila kukwama hata mara moja.

“Yaya, tuchukue ya 50,” mdogo akanong’ona.

Siku hizi wapimaji hufanya hivyohivyo. Mwaka 2011 Scott Wasson wa The Tech Report aliwaonyesha wenzake kwamba wastani wa sekunde nzima huficha mikwamo iliyo ndani yake. Ndiyo maana leo hutazama pia picha zilizochelewa kuliko zote, ile moja katika kila 100. PresentMon, programu ya bure ya Intel, huandika muda wa kila picha.

Dada hakuishia hapo. Alishusha skrini kutoka nukta 1920 kwa 1080 hadi 1280 kwa 720. Nukta za kuchora zikapungua kutoka 2,073,600 hadi 921,600, kwa hiyo kadi ikapata nafuu, na picha zikaongezeka. Zisingeongezeka, mchelewaji angekuwa prosesa, na kadi mpya isingewasaidia kitu. Wengi hupoteza pesa zao hapa.

Kisha wakacheza nusu saa nzima. Muuzaji akaguna, wao wakaendelea. Kadi ikipata joto kupita kiasi hujipunguza kasi yenyewe isiungue, na kwa joto la Maniema, feni ikijaa vumbi, hilo halichelewi. Kipimo cha dakika mbili za mwanzo ni cha kadi iliyo baridi, nanyi hamtacheza dakika mbili.

Wakati wakingoja, dada aliigeuza ile kadi nyingine na kumwonyesha mdogo wake vidoa vinavyong’aa mgongoni. Ni lehemu, na lehemu ya siku hizi karibu yote ni bati. Kule Kalima, katika eneo lilelile la Pangi ilipo Kama, bati limechimbwa tangu enzi za Wabelgiji. Nani ajuaye, huenda punje ya kwetu imo humo.

Likabaki suala la umeme. Kadi ya GeForce GTX 1650 ya mwaka 2019 imetengenezwa kutumia wati 75 hivi; RTX 4090 ya mwaka 2022 hufika 450, mara sita. Kwa anayetegemea sola au jenereta, hiyo RTX 4090 itamaliza betri kabla mechi haijaisha, na sifa zake zote hazitamfaa. Kwa nyumba ya Kama mimi ningechagua ile ndogo bila kusita.

Nanyi mkienda kununua, bebeni gemu yenu wenyewe kwenye flashi. Muuzaji akiwakataza kuicheza nusu saa dukani kwake, rudini na pesa zenu.