Mchoraji na Nyumba za Wageni za Kale

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Msemo huo hauhusu fedha peke yake. Hata jengo, likibomolewa kabla ya kuchorwa, hupotea pamoja na sura yake.

Huko Southwark, kusini ya mto Thames jijini London, zilikuwapo nyumba nyingi za wageni katika barabara moja. Sababu yake ni daraja. Hadi mwaka 1729 jiji lile lilikuwa na daraja moja tu, nayo barabara ya kusini iliishia hapo. Msafiri aliingia kwa lango, akakuta ua mrefu wa kuwekea magari ya farasi. Kandokando palikuwa na mazizi, na juu zilipangwa roshani za mbao, ghorofa juu ya ghorofa, ambamo milango ya vyumba vya kulala ilifungukia.

Reli ilipofika mwaka 1836, magari ya farasi yalianza kukosa abiria, na nyumba hizo zikakosa wageni. Tabard, iliyopata sifa kwa mahujaji wa mshairi Chaucer, ilibomolewa katika miaka ya 1870.

Ndipo mchoraji Philip Norman (1842–1931) alipoziendea zilizobaki kwa penseli na rangi za maji. Mwaka 1888 yeye na William Rendle walitoa kitabu juu ya nyumba hizo, chenye michoro yake. Hakukawia wala hakuwahi sana: mwaka uliofuata White Hart, iliyotajwa na Dickens, ilibomolewa, na pande mbili za George zikaangushwa na kampuni ya reli. Upande mmoja wa George, uliojengwa upya mwaka 1677 baada ya moto, ungali umesimama. Tangu mwaka 1937 unatunzwa na shirika la National Trust. Picha kadhaa za Norman zimo katika makumbusho ya Victoria and Albert.

Atakaye kuchora roshani za namna hiyo na aanze kwa mstari wa usawa wa macho yake. Roshani zilizo juu ya mstari huo huonekana kuteremka kadiri ziendavyo mbali; sakafu ya ua huonekana kupanda; zote huelekea nukta moja. Nguzo nazo hufupika na kukaribiana. Rangi nyepesi hutangulia, kivuli cha chini ya roshani hufuata, na penye mwanga karatasi huachwa nyeupe.

Familia ya askari huhama mara nyingi, ikaacha nyuma nyumba, baraza na miti iliyoizoea. Mtoto apewe penseli na karatasi akae uani jioni moja kabla ya safari. Nyumba itabaki huko, au itavunjwa. Mchoro utasafiri pamoja nao.