Mashine ya Randa Yataka Kutunzwa

Mteja aliyelipia meza ya mvule hupitisha kiganja juu ya ubao kabla ya kutazama jambo jingine lo lote. Akihisi mawimbi, au akiona ncha ya ubao imeliwa kuliko katikati, huanza kupunguza bei. Seremala naye huulaumu mti. Mara nyingi mti hauna kosa. Kosa limo katika mashine ya randa, ile ya kusawazisha unene, ambayo haijafunguliwa wala kusafishwa tangu iliponunuliwa.

Mashine hiyo si mgeni wa jana. Mwaka 1828 Mmarekani William Woodworth alipewa hataza ya mashine iliyouvuta ubao kwa rola na kuukata kwa visu vinavyozunguka, na asili ya kazi yake ingali ile ile. Visu vimefungwa katika gogo la chuma lizungukalo mara 4,000 hadi 6,000 kwa dakika. Kwa hiyo kabla ya mkono kuingia ndani, plagi ichomolewe. Kuzima swichi hakutoshi, hasa katika miji yetu ambako umeme hukatika na kurudi bila hodi.

Kazi kubwa ni visu. Kila kimoja kitokeze nje ya gogo kwa kiasi kilicho sawa, yapata milimita 1 tu. Kimoja kikizidi hata kwa unene wa karatasi, hicho ndicho kitakachokata na vingine vitasindikiza. Ndipo mawimbi yanapozaliwa. Fundi asiye na kipimo maalumu na achukue kipande cha mti mgumu kilichorandwa vyema, akiweke mezani chini ya gogo, apandishe meza polepole huku akilizungusha gogo kwa kushika puli ya mkanda, hata kisu kikiguse kidogo. Kisha akihamishe kipande hicho kushoto, katikati na kulia, kwa kila kisu. Mguso uwe mmoja. Ikiwa visu vyote vinakwaruza zaidi upande mmoja, basi visu havina hatia. Meza ndiyo iliyoinama. Bolti zikazwe kidogo kidogo kwa zamu, halafu zikaguliwe tena, kwani kisu kilicholegea hurushwa kama risasi.

Mvule una hila yake: ndani yake huweza kujificha mawe ya chokaa, na jiwe moja hutosha kutoboa pengo katika makali mapya. Pengo hilo litaacha mstari ulioinuka katika kila ubao utakaofuata, mpaka visu vinolewe. Misumari na mchanga hufanya vivyo hivyo; brashi ya waya ni rahisi kuliko visu vipya.

Ncha kuliwa hutokana na ubao kuinuka wakati unaposhikwa na rola za upande mmoja tu. Ubao mrefu ushikiliwe unapoingia na unapotoka. Rola ndogo za mezani zikiwepo, zisitokeze kupita milimita 0.1 kwa mbao zilizokwisha kusawazishwa. Tena ubao mfupi kuliko nafasi iliyo kati ya rola za mbele na za nyuma usipitishwe kamwe, wala fundi asisimame sawasawa nyuma ya ubao, maana huweza kurudishwa kwa nguvu.

Wengi hudhani kwamba mashine hii hunyoosha ubao uliopinda. Hainyooshi. Rola huukandamiza, visu hupita, nao ukitoka hurudia upinde wake, mwembamba zaidi. Uso mmoja hauna budi kunyooshwa kwanza.

Utomvu kwenye rola za chuma huondolewa kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo. Rola za mpira zataka maji ya sabuni. Meza ipakwe nta. Vumbi nalo si la kudharauliwa: mwaka 1995 wataalamu wa shirika la kimataifa la utafiti wa saratani walilitia vumbi la mbao katika kundi la vitu viletavyo ugonjwa huo. Fundi afunike pua na mdomo, na maranda yazolewe kila jioni, mbali na cheche. Wafugao kuku nyumbani huyapenda kwa kutandika bandani, ila yasiwe ya mbao zilizotiwa dawa.