Wimbo Mpya Umuulize Nani?

Msikilizaji, juma hili tuzungumze juu ya watunzi wetu wa nyimbo, hasa wale wachanga ambao bado wanaitafuta sauti yao wenyewe. Hapa Njombe, na kule Makambako ambako barabara kuu ya kwenda Zambia inakutana na hii yetu ya Songea, watunzi hao ni wengi kuliko watu wanavyodhani. Wamo kwenye kwaya za Kilutheri na za Kikatoliki, wako stendi, wako kwenye vyumba vya kupanga na kinanda kidogo au kompyuta. Nyimbo zao zinaletwa studio kila juma. Miaka michache iliyopita zilikuja kwenye CD, sasa zinatumwa kwa simu. Karibu zote zinafuatana na ombi moja: "Kaka, naomba maoni."

Ombi hilo ni la heshima, lakini halijibiki. Kijana amesimama mbele yako, kashika simu yake, macho yanakutazama. Utamwambia nini zaidi ya "wimbo mzuri, kaza buti"? Shangazi yake naye atamwambia hivyo hivyo. Asiyempenda atasema amemwiga fulani wa Dar es Salaam. Mwisho wa siku kijana anarudi nyumbani na sifa tele, na hana hata jambo moja la kurekebisha.

Nitoe mfano. Kijana mmoja wa Makambako, utingo kwa kazi yake, alitunga wimbo juu ya safari za malori. Kwenye kiitikio aliweka neno barabara. Sasa kila mzungumzaji wa Kiswahili anajua kwamba neno hili lina maana mbili, na kinachozitenganisha ni mkazo tu. Ukisema ba-ra-BA-ra, hiyo ni njia ya magari. Ukisema ba-RA-ba-ra, maana yake ni sawasawa, vizuri kabisa. Ngoma ya kijana huyu ilikuwa inadunda kwenye RA ya kwanza. Watu aliowapigia wimbo huo kwenye kibanda cha chipsi walitabasamu wakamwambia ni mtamu. Basi siku moja akabadilisha swali. Badala ya "mnaonaje?" akauliza, "Nimeimba juu ya nini?" Mama mmoja muuza ndizi akamjibu pale pale: "Si unasema mambo yako yanakwenda barabara, mwanangu?" Malori yote yalikuwa yamepotea ndani ya pigo moja la ngoma.

Jambo hili si dogo. Kiswahili, karibu katika maneno yote, hukaza silabi ya pili kutoka mwisho. Sauti ya wimbo inayokwenda kinyume na mkazo huo inamlazimisha msikilizaji kukisia. Tenzi nyingi tulizozirithi kwa wamisionari zilikuja na sauti zake tayari kutoka Ulaya, yakatafutwa maneno ya Kiswahili, yakabanwa humo kama mguu kwenye kiatu cha mtu mwingine. Tumezoea, tunaimba. Lakini ukitaka kusikia tofauti, sikiliza "Mfurahini, Haleluya", ambao Bernard Kyamanywa aliutunga mwaka 1966 akiwa mwanafunzi wa theolojia Makumira, kwa sauti ya kienyeji. Wimbo huo sasa unaimbwa na Wakristo wa mataifa mengi, kwa lugha zao.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni kwamba mtunzi aulize maswali yenye majibu. Nimeimba juu ya nini? Ni wapi ulitaka niishe na mimi nikaendelea? Na pengine asiulize kabisa. Mwalimu wa kwaya mwenye busara huwapa waimbaji wimbo mpya, kisha hukaa kimya na kusikiliza wanajikwaa wapi. Besi wakikata pumzi mahali pale pale mara tatu, kosa si la besi. Jaribio jingine ni kumwimbia mtu mara moja, halafu kesho yake umwombe akukumbushe ulivyokwenda. Pale atakapokuwa amebadilisha bila kujua, patazame vizuri. Mara nyingi ulimi wake umeshakutafutia njia iliyo rahisi zaidi.

Wazee wetu wa dansi walikuwa na utaratibu wao. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, na Mlimani Park, iliyoanza mwaka 1978, hazikutegemea mtunzi mmoja kumaliza kila kitu peke yake. Mtunzi alikuja na maneno na sauti, wapiga magitaa na tarumbeta wakatafuta nafasi zao, na wimbo ukaiva mazoezini na ukumbini. Kurekodi kulimaanisha Redio Tanzania Dar es Salaam, na huko kulikuwa na kamati ya kupitia maneno. Ukihesabu, wimbo ulipita kwa wanamuziki wenzako, kwa wachezaji na kwa kamati, na kila mmoja alikuwa na sikio lake. Mwanamuziki alisikia kama magitaa yanagongana, mchezaji alijibu kwa miguu, ama kwa kurudi kwenye kiti chake, na kamati ilipima maneno. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Remmy Ongala alitunga "Mambo kwa Soksi", kuwahimiza watu watumie kondomu wajikinge na UKIMWI. Redio ilikataa kuupiga. Wananchi waliupokea, na ukawa miongoni mwa nyimbo zake zinazokumbukwa sana.

Wapo wanaoogopa kuimba mbele za watu wasije wakaibiwa. Hofu hiyo ina msingi. Rekodi wimbo wako wenye tarehe, nenda COSOTA. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 inalinda utunzi, hailindi wazo ulilomsimulia mtu kwenye basi.

Sasa hiyo sauti ya mtu mwenyewe inatoka wapi? Kuna wanaosema mtunzi asisikilize nyimbo za wenzake asije akaiga. Mimi sikubaliani nao hata kidogo. Bendi zetu zilijivunia kila moja mtindo wake, na Mlimani Park waliupata wao, Sikinde, kwa kuchukua jina la ngoma ya Wazaramo. Kijana anayekua akisikia Kibena nyumbani, kwaya Jumapili, na muziki wa kila namna unaoshuka na malori pale Makambako, ana mtaji mkubwa. Tatizo linakuja anapoomba maoni akabeba na dawa. Msikilizaji anajua sana mahali panapouma. Dawa anayoitaja kwa kawaida ni wimbo wa mtu mwingine anaoupenda.

Yule utingo alishauriwa na mmoja aandike "njia" badala ya barabara. Mwingine akamwambia atumie mapigo kama ya nyimbo zinazovuma Dar. Hakufuata hata moja. Aliiacha ngoma ipige kwanza bila neno, kisha akaingia amechelewa kidogo, hata BA ikaangukia pigo linalofuata. Neno likasikika, na ule uchelewaji ukaupa wimbo mwendo wa lori lililobeba mbao likipanda mlima.

Wimbo wake wa pili una uchelewaji ule ule, safari hii kwa makusudi. Mwalimu mmoja wa kwaya hapa Njombe ameusikiliza akasema kijana hajui kuhesabu mapigo. Utingo hakubishana. Amemwomba mwalimu awaimbishe wanakwaya ubeti mmoja tu, yeye akae nyuma asikilize watajikwaa wapi.