Ua la Kula Linagharimu Nini Nakuru?

Waridi lililokosa kufikia kipimo cha soko la Ulaya halitupwi lote. Jingine huuzwa mitaani Naivasha na Nakuru kwa bei ya chini, na kwa kuwa ni zuri na ni rahisi, ndilo la kwanza kumjia akilini mtu aliyesikia kwamba maua huliwa. Naomba aliache papo hapo kwenye ndoo ya muuzaji. Waridi la biashara hukuzwa likae kwenye chombo cha maji sebuleni. Hupigwa dawa za ukungu na za wadudu, na Umoja wa Ulaya, unaopima kwa ukali mabaki ya dawa kwenye mishiri yetu, haujaweka kipimo chochote cha mabaki kwa maua ya shada. Hakuna aliyetarajia kwamba yataliwa. Watafiti wa Ubelgiji walipopima mashada 90 ya waridi, jabera na krisanthemamu kutoka madukani mwao, walikuta viambato 107 vya dawa, na waridi ndilo lililobeba zaidi. Dawa nyingine hupenya ndani ya mmea, kwa hiyo hata ukisuuza petali chini ya mfereji mpaka kesho, utakuwa umeondoa vumbi tu.

Anayetaka harufu ya waridi kwenye kaimati au maziwa ya moto anunue arki au maji ya waridi yaliyotengenezwa kwa ajili ya kupikia. Asome kibandiko: yako maji ya waridi ya kupaka usoni yanayofanana nayo kabisa kwa chupa na kwa rangi. Chupa ndogo hukaa muda mrefu, maana kinachohitajika ni matone tu.

Ua la pili la kuliogopa ni letu wenyewe. Pareto limeijengea Nakuru jina duniani, na bado hulimwa Molo, Kuresoi na sehemu za Njoro. Ni jeupe, lina kitovu cha manjano, na kwa mtu wa mjini linafanana sana na kamomile, lile la chai ya kutuliza. Kazi ya pareto ni kuua wadudu; si ua la kuchemshia chai. Ukipewa maua makavu kwenye karatasi na kuambiwa ni kamomile, yaangalie kwa makini. Kamomile ni dogo, upana wake kama sentimita mbili, majani yake ni membamba kama nyuzi, na ukikipasua kitovu chake kwa ukucha utakuta ndani kuna uwazi. Pareto ni pana zaidi, kitovu chake kimejaa, na jani lake ni zito na lina rangi ya kijivu. Kama huna uhakika, nunua pakiti iliyofungwa, yenye jina la kampuni na tarehe. Hapa kuokoa pesa hakuna maana.

Sasa tuje kwenye hesabu yenyewe. Watu wengi huuliza ua linauzwa pesa ngapi. Mimi naona swali la kwanza liwe ua hilo lingekuwa nini kama ungeliacha. Ua la minji linaliwa, ni tamu na lina ladha ya minji yenyewe, lakini kila ua unalochuma ni ganda moja ambalo halitajaa. Kwa mkulima wa Njoro anayeuza minji kwa kilo, bakuli la maua hayo ni hasara ya waziwazi. Ua la maharagwe nalo ni hivyo hivyo. (Ua la waru halimo kabisa kwenye hesabu hii, lina sumu. Na ile minji ya mapambo yenye harufu nzuri, inayopandwa kwenye ua wa nyumba, pia ina sumu ingawa inafanana na minji ya kula.)

Malenge ndiyo yanayoipindua hesabu. Mmea mmoja hutoa maua dume mengi kuliko maua jike, na ua dume halitazaa kitu hata ulisubiri mwaka mzima. Kuyatofautisha ni rahisi: ua jike limekalia kilenge kidogo cha mviringo kinachoonekana wazi chini ya petali, na ua dume limesimama juu ya kikonyo chembamba kisicho na kitu. Chuma madume, uache machache kila siku kwa ajili ya nyuki, na hujapunguza lenge hata moja. Wengi wetu tunayaacha maua haya yanyauke huku tukilipa pesa kwa fungu la majani ya mmea huo huo.

Wakati wake ni asubuhi. Ua la malenge hufunguka alfajiri na kufikia adhuhuri limeshajikunja, kwa hiyo saa moja hadi saa mbili ndiyo saa yake. Lifungue taratibu kabla ya kulikata, kwa sababu mara nyingi nyuki yumo ndani, amepakaa chavua mwili mzima, na hataki haraka. Ukifika jikoni, ng'oa kile kijiti cha katikati chenye chavua, kina uchungu kidogo na kinaweza kumsumbua mwenye mzio. Suuza kwa maji baridi, kung'uta, upike siku hiyo hiyo. Ua la malenge likilala, hata kwenye friji, hugeuka kuwa utelezi.

Namna ya kupika ndiyo inayoamua gharama. Ukiyachovya kwenye unga na yai na kuyakaanga, yanatoka membamba, yanavunjika mdomoni, na watoto huyagombania. Lakini unahitaji robo lita ya mafuta kwenye karai. Chukulia mafuta ni shilingi 300 kwa lita: hapo ni shilingi 75 za mafuta, hata kama baadhi yatabaki ya kutumia tena, kwa chakula ambacho chenyewe ni bure. Njia ya pili ni kuyakatakata pamoja na majani na kuyapondea kwenye mukimo, au kuyatia kwenye msusa wa kitunguu na nyanya dakika mbili kabla ya kuepua. Hapo huongezi hata senti, na rangi ya manjano inaonekana kwenye kijani. Kwa siku ya kawaida nachagua mukimo. Kukaanga nakuacha kwa ajili ya wageni.

Mgagani, ambao wengi hapa huuita saga au saget, hauhitaji mtu afundishwe. Katika nyumba nyingi za Bonde la Ufa maua yake meupe huingia sufuriani pamoja na majani, na maziwa au malai huongezwa kupunguza ukali. Jambo moja tu la mnunuzi: fungu lenye maua mengi sana limekomaa, litakuwa chungu na litakula maziwa mengi zaidi. Likiuzwa bei moja na fungu changa, chukua changa lenye maua machache kileleni.

Sokoni, liwe Wakulima au kwa mama mboga wa mtaani, swali moja lina thamani kuliko kushindania shilingi kumi: "Mama, mboga hii ilipigwa dawa lini?" Kila dawa halali ina kibandiko kinachosema mkulima angoje siku ngapi kabla ya kuvuna. Ua halina ganda la kumenya, na dawa iliyotua juu yake huingia nayo mdomoni. Mama anayelima mwenyewe atakujibu mara moja. Asiyejua mboga ilitoka wapi, nunua kwake vitunguu, maua uyatafute kwingine.

Kitu pekee ninachoona kinastahili pesa ni choya, ambayo madukani hapa huandikwa hibiskasi. Mmea huo hupenda joto, na baridi ya usiku wa Nakuru, mji ulio mita zaidi ya 1,800 juu ya usawa wa bahari, huuchelewesha sana, kwa hiyo kujilimia ni kazi kubwa kwa mavuno kidogo. Kinachotumika ni vile vikombe vyekundu vinene vinavyobaki petali zikishaanguka. Hesabu ifanye hivi, halafu uweke bei ya duka lako. Ikiwa gramu 100 ni shilingi 250, na lita moja ya juisi nzito inataka gramu 20, choya ni shilingi 50. Sukari gramu 80, kwa shilingi 160 kilo, ni karibu 13. Tangawizi, 10. Lita moja imesimama shilingi 73, yaani kikombe cha robo lita ni kama shilingi 18. Soda ya nusu lita ikiwa shilingi 70, lita yake ni 140, karibu mara mbili.

Unaweza kuishusha zaidi. Loweka choya kwenye maji baridi usiku kucha badala ya kuichemsha, na gesi haitatumika. Makapi yake yaloweke mara ya pili, utapata kinywaji chepesi cha mchana. Usitumie sufuria ya aluminiamu, kwa sababu choya ina asidi kali. Tumia chupa ya glasi, jagi au chombo cha chuma kisichoshika kutu. Na anayemeza dawa za presha amuulize daktari kwanza, kwani choya yenyewe hushusha presha kidogo. Mama mjamzito aiache.

Maji nayo yamo kwenye gharama. Visima vingi vya Bonde la Ufa vina floraidi nyingi, ndiyo maana meno ya kahawia ni jambo la kawaida kwetu, na kuchemsha hakuiondoi; maji yanapopungua ndivyo inavyozidi kukolea. Juisi ya watoto inayonywewa kila siku itengenezwe kwa maji ya mvua yaliyochemshwa, au yaliyochujwa kwa chujio la mkaa wa mifupa, ambalo limekuwa likitengenezwa Nakuru kwa miaka mingi.

Kwa anayeishi Kiamunyi au Lanet na ana kipande cha ardhi, au hata gunia moja la udongo, ua la kupanda mwanzo wa mvua ni nastashamu. Maua yake ya manjano na ya rangi ya chungwa yana ukali wa haradali, majani yanaliwa, na mbegu mbichi zikilowekwa kwenye siki huwa kachumbari nzuri ya nyama choma. Pakiti moja ya mbegu inatosha, kwani mmea hujipanda wenyewe, na jirani aliye nao atakugawia bure. Pembeni yake acha shina moja au mawili ya sukuma wiki na dhania yatoe maua badala ya kuyang'oa: yale ya sukuma ni matamu yenye ukali kidogo, yale ya dhania yanafaa juu ya wali au ndani ya jagi la maji ya limau. Miche ya maua kutoka vitalu vya kando ya barabara isiingie jikoni mpaka itoe maua mapya kabisa kwako, maana huenda ilipigwa dawa kitaluni.

Usichume ukingoni mwa barabara kuu, wala ndani ya Hifadhi ya Ziwa Nakuru, ambako hairuhusiwi. Wafundishe watoto majina ya maua yasiyoguswa: tarumbeta kubwa zinazoning'inia kwenye nyua za mitaani, oleanda, na lantana. Na ua lolote jipya, hata lililo salama kwa wengine, lionje petali moja, ungoje mpaka siku ya pili kabla ya kuliandaa mezani kwa nyumba nzima.