MKONO WA MPANDA PIKIPIKI UNAPOKUFA GANZI

Maneno ya somo hili yamepigwa chapa hapa ili wewe msomaji uyasome tena polepole, pamoja na wenzako darasani. Ukikuta neno gumu, usilipite. Mwulize mwalimu au jirani yako, kisha uendelee.

Leo tutajifunza ugonjwa mmoja wa mkono. Unawapata watu wengi, wake kwa waume, lakini leo tutausema hasa kwa ajili ya wapanda pikipiki.

Twende Shelui. Shelui ni mji mdogo katika Wilaya ya Iramba, Mkoa wa Singida. Uko kando ya barabara kuu itokayo Singida kwenda Igunga na Nzega, chini ya mlima wa Sekenke. Katika nchi hiyo dhahabu imechimbwa tangu zamani za Wajerumani, na hata leo wachimbaji wadogo wapo. Vijana wengi hupata riziki yao kwa kubeba watu na mizigo kwa pikipiki. Wengine hupita barabara ya lami, wengine huingia njia za vumbi na mawe ziendazo mashambani na machimboni.

Sasa nakuuliza wewe upandaye pikipiki. Je, umepata kuamka saa nane za usiku ukaona mkono umekufa ganzi? Vidole vinachoma kama vimechomwa sindano. Unaukung'uta mkono, unausugua, na baada ya kitambo unapata nafuu. Asubuhi unashika usukani, na baada ya mwendo mfupi ganzi inarudi. Kufunga kifungo cha shati kunakuwa kazi. Kikombe kinakuponyoka.

Wengi husema, "Nimelalia mkono vibaya." Wengine husema ni uchovu tu, au ni baridi. Wako pia wanaosema wamelogwa. Basi sikiliza jinsi mambo yalivyo.

MKONONI MNA NINI?

Geuza mkono wako, kiganja kitazame juu. Tazama kifundo cha mkono, pale unapovaa saa. Ndani ya kifundo hicho mna njia nyembamba. Chini na kando yake ni mifupa midogo. Juu yake ni utepe mgumu wa nyama, usiovutika upesi. Katika njia hiyo hupita kano tisa. Kano ni kamba za mwilini zinazokunja vidole. Pamoja na kano hizo hupita mshipa mmoja wa fahamu. Mshipa wa fahamu haupitishi damu. Kazi yake ni kupeleka habari: unauambia ubongo kwamba kitu hiki ni cha moto, hiki ni baridi, hiki kina ncha. Tena hupeleka amri ya ubongo kwenye kidole gumba.

Mfano wake ni njia ya chini ya shimo la dhahabu. Watu kumi wanapita humo, nao wametosha kabisa. Tisa kati yao wakivaa makoti manene, yule wa kumi, aliye dhaifu kuliko wote, atabanwa ukutani. Ndivyo ilivyo mkononi. Kano zikifanya kazi nyingi, vifuko vinavyozifunika huvimba. Njia haipanuki. Mshipa wa fahamu hubanwa, nao ukibanwa hauwezi kupeleka habari vizuri. Hiyo ndiyo ganzi unayoisikia. Hospitalini huenda ukasikia ugonjwa huu ukiitwa karpali taneli.

Kwa nini unazidi usiku? Kwa sababu tulalapo, wengi wetu hukunja kifundo cha mkono bila kujua, na kifundo kikikunjwa njia ile huzidi kuwa nyembamba.

PIKIPIKI INAINGIAJE?

Yako mambo matatu. Kwanza, mtetemo. Injini hutetema, na barabara ya mawe huongeza. Mtetemo huo hupanda kwa usukani mpaka mikononi. Pili, kukaza mkono. Mpanda pikipiki anayeogopa utelezi hushika usukani kwa nguvu saa nyingi. Tatu, kupinda kifundo. Mkono wa kulia huzungusha mafuta na kuvuta breki ya mbele. Mkono wa kushoto huvuta klachi. Mambo haya matatu yakikutana kila siku, mkono huchoka na kuvimba ndani.

Lakini usidhani pikipiki peke yake ndiyo yenye kosa. Wanawake hupata ugonjwa huu kuliko wanaume, na mara nyingi huwapata waja wazito. Wenye ugonjwa wa sukari, wenye baridi yabisi ya viungo, wenye ugonjwa wa tezi ya shingo, na waliovunjika kifundo cha mkono zamani, wote wamo katika hatari. Kazi za kugonga mawe kwa nyundo nazo huchosha mkono vivyo hivyo.

UTAUTAMBUAJE?

Tazama ni vidole gani vinavyokufa ganzi. Mshipa huu huhudumia kidole gumba, cha shahada, cha kati, na nusu ya kidole cha pete. Kidole cha mwisho, kile kidogo, haumo kwake. Kama ganzi iko kwenye kidole kidogo, yumkini ni mshipa mwingine, upitao upande wa pili wa kiganja na nyuma ya kiwiko. Huo nao hubanwa na watu wanaoegemea usukani kwa kitako cha kiganja.

Liko jaribio jepesi. Daktari mmoja wa Marekani, George Phalen, alilieleza katika miaka ya 1950. Kutanisha migongo ya mikono yako mbele ya kifua, vidole vielekee chini, vifundo vikunjwe. Kaa hivyo dakika moja. Kama vidole tulivyovitaja vinaanza ganzi, ni dalili kwamba mshipa unabanwa. Jaribio hili si hukumu ya mwisho, lakini ni sababu nzuri ya kwenda kumwona mganga wa hospitali.

Jihadhari, maana si kila ganzi ni ugonjwa huu. Ukiona ngozi ina baka lisilosikia ukiligusa, nenda ukapimwe ukoma. Ukoma unapona kwa dawa, na mapema ni bora. Mkono na mguu wa upande mmoja vikilegea kwa ghafula, mdomo ukaenda upande, au maneno yakakatika, huo ni kiharusi. Usingoje hata saa moja. Mgonjwa apelekwe hospitali.

MAMBO YA KUTENDA BARABARANI

La kwanza, nyosha kifundo. Kaa juu ya pikipiki, weka mikono usukanini. Mgongo wa mkono wako na sehemu ya mkono iliyo nyuma yake viwe mstari mmoja. Kama mkono wa breki au wa klachi umekaa juu mno au chini mno, mwambie fundi alegeze parafujo, auzungushe ukulingane wewe, kisha akaze. Ni kazi ndogo.

La pili, shika mafuta kwa akili. Wengi hushika kwanza, kisha huzungusha, na kifundo hushuka chini kikabaki kimepinda safari nzima. Wewe anza kushika kifundo kikiwa juu kidogo, ili ukizungusha kije kunyooka.

La tatu, legeza mkono. Shika usukani kama unavyoshika kifaranga: asikuponyoke, wala asife. Bana tangi kwa magoti, mwili utulie.

La nne, punguza mtetemo. Tazama parafujo za injini na za usukani, shokapu, beringi za magurudumu na upepo wa tairi. Mipira ya kushikia iliyokwisha ibadilishwe. Glavu ni nzuri, lakini zisibane.

La tano, usibebe "mshikaki". Abiria wawili au watatu hukusukuma mbele, na uzito wote huja mikononi mwako. Tena ni kinyume cha sheria.

La sita, ukiteremka Sekenke, weka gia ndogo, injini ikusaidie kuzuia. Usining'inie kwenye breki tangu juu mpaka chini.

La saba, pumzika. Ukifika, shuka. Fungua na fumba viganja polepole. Ganzi ikikushika njiani, egesha pembeni. Usiukung'ute mkono huku pikipiki inakwenda. Fikiri: mkono wa kulia ndio uvutao breki ya mbele. Kama vidole havisikii, utajuaje umevuta kiasi gani? Hapo si mkono wako tu ulio hatarini, bali na maisha ya abiria aliyekuamini.

MAMBO YA KUTENDA NYUMBANI NA HOSPITALINI

Usiku, lala kifundo kikiwa kimenyooka. Mganga anaweza kukupa gango. Gango ni kitu kigumu kinachofungwa kwa kitambaa ili kiungo kisikunjike. Lisibane, vidole vikivimba au kubadilika rangi, legeza. Livae kila usiku kwa muda wa wiki sita hivi. Usivunjike moyo siku ya tatu. Wengi ambao ugonjwa wao ni mwepesi hupata nafuu kwa njia hiyo pamoja na kupunguza kazi ya mkono.

Vidonge vya maumivu vyaweza kutuliza maumivu, lakini havifungui njia iliyobanwa. Usikubali kuchanjwa chale kwenye kifundo, maana mishipa iko karibu na ngozi. Wala usikifunge kwa mpira au kamba.

Anza katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu nawe. Eleza vidole vinavyokufa ganzi, na tangu lini. Omba upimwe sukari. Ikibidi, utatumwa hospitali ya wilaya, Kiomboi, au hospitali ya mkoa, Singida. Huko daktari aweza kukuchoma sindano ya dawa ya kupunguza uvimbe kwenye kifundo. Ikiwa ugonjwa umezidi, iko operesheni ndogo: utepe ule mgumu hukatwa, mshipa ukapata nafasi. Mara nyingi mgonjwa hutiwa ganzi mkononi tu, naye hurudi nyumbani siku ile ile. Baada ya hapo mkono huhitaji wiki kadhaa kabla ya kurudia kazi nzito.

Ni lini usingoje tena? Ganzi inapokuwa ya mchana na usiku bila kuachia. Vitu vinapokuponyoka. Na zaidi ya yote, nyama iliyo chini ya kidole gumba inapopungua na kubonyea. Linganisha mikono yako miwili sasa hivi. Mshipa uliobanwa muda mrefu huanza kufa, na hata operesheni haiwezi kurudisha nguvu yote. Wazee walisema: mdharau mwiba, mguu huota tende.

Najua utasema, "Nitapumzikaje? Pikipiki si yangu. Kila jioni mwenyewe anangoja hesabu." Neno lako ni la kweli. Lakini fikiri pamoja na mwenye pikipiki. Siku mbili za kupumzika, na asubuhi moja ya kwenda zahanati, ni hasara ndogo. Dereva asiyeweza kuvuta breki ni hasara yake na yako. Mweleze mapema, wala usifiche. Nanyi wa kijiwe kimoja mnaweza kusaidiana: mwenzenu akiumwa mkono, apewe safari fupi, au ashikiwe zamu na mwingine.

Ndugu, mwaka 1973 watu wazima wa Tanzania walijifunza habari za afya kwa redio katika kampeni ya Mtu ni Afya. Walikaa kwa vikundi, wakasikiliza, wakasoma, wakazungumza, kisha wakatenda. Nanyi fanyeni vivyo hivyo.

MASWALI YA KUZUNGUMZA

1. Katika njia ya kifundo cha mkono hupita kano ngapi? Na kitu gani kingine?
2. Ni vidole vipi vinavyokufa ganzi katika ugonjwa huu? Ni kipi kisichomo?
3. Kwa nini ganzi huzidi usiku?
4. Fanyeni jaribio la dakika moja. Ni nani kati yenu anayepaswa kwenda kupimwa?
5. Tokeni nje mtazame pikipiki moja. Je, mikono ya breki na klachi inamlingana aipandaye?

MANENO YA KUANDIKA

ganzi – kifundo – kano – mshipa wa fahamu – mtetemo – gango

Andika sentensi moja kwa kila neno, na umsomee mwenzako. Kwaherini, mpaka somo lijalo.